Kifuniko Kinachohesabu

Odessa Pruitt hakuwa na leseni. Hakuwa na mlango wake. Alifanya kazi kwenye kona ya chumba cha mikutano, na mkutano ulipoanza alikusanya karatasi zake akaenda kukaa kantini. Hakuwa na bima ya meno. Hakuwa na neno la mwisho juu ya chochote alichoandika. Shahada ya udaktari wa falsafa alikuwa nayo, ya kwanza katika ukoo wote wa akina Pruitt, lakini katika hospitali ile ya watoto, kando ya mto Ohio, alikuwa bado mwanafunzi: mwanasaikolojia wa watoto aliye mafunzoni. Kama msimamizi wake, Daktari Haverkamp, asingethibitisha saa zake za kazi, asingeruhusiwa kufanya mtihani wa leseni.

Jumatatu hiyo alipewa mtoto wa figo.

Kayleen Stubbs alikuwa na miaka kumi na mmoja na mwili wa mtoto wa miaka saba. Alijilaza kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu, mirija ikitoka kifuani, akitazama katuni bila kucheka. Mama yake, Rhonda, alikuwa bado amevaa sare ya kiwanda cha kuku.

"Wewe ndiye wa kichwa?" Rhonda aliuliza. "Maana wa figo nimemwona, wa moyo nimemwona, na wa chakula kashanigombeza."

"Ndiyo, mimi ndiye wa kichwa."

"Basi kaa, mwanangu. Chake ni kizima. Changu ndicho usikiguse, kitamwagika."

Kamati ya upandikizaji ilitaka kujua kama familia ile ingeweza kuitunza figo mpya. Figo ni chache, na anayeruka dawa huipoteza. Tena hospitali ambayo figo zake zinaharibika hushuka katika jedwali la ubora wa hospitali linalotangazwa kila mwaka. Kwa hiyo mtoto, kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya wanaosubiri, alipewa dawa zake za presha katika chupa yenye kifuniko maalumu. Kila kilipofunguliwa, kilihesabu. Cha Kayleen kilitakiwa kufunguliwa asubuhi na jioni. Kilikuwa kinafunguliwa mara moja kwa wiki.

"Bi Rhonda, dawa anakunywa?"

"Kama anavyopumua."

"Kifuniko kinasema hapana."

"Kwani kifuniko kinalala na sisi?" Rhonda alicheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Mimi zamu yangu ni ya usiku. Mwanzo wa wiki mtoto analala kwa bibi yake, katikati kwa dada yangu, mwishoni kwangu. Chupa moja, nyumba tatu. Ikisahaulika kule bondeni kwa bibi, nani ataifuata? Kwa hiyo Jumapili tunazimwaga zote mezani, tunazipanga kwenye maboksi ya mayai. Kila shimo na wakati wake. Halafu tunayakata, kila nyumba na kipande chake."

"Shimo la Ijumaa nimelichorea paka," Kayleen alisema, macho bado kwenye katuni.

Odessa aliomba kuona. Kipande kilitolewa kwenye mfuko, kidonge cha jioni kikiwa shimoni mwake. Aliangalia rekodi za wauguzi: presha ya mtoto ilikuwa nzuri tangu apewe chupa ile.

Aliiandika ripoti kwa furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. Aliandika yote: zamu ya usiku, nyumba tatu, maboksi ya mayai, hata paka. Aliandika kwamba familia hii hairuki dawa, bali imebuni njia ya kutoiruka. Daktari Haverkamp aliisoma, akaisaini bila kugusa neno.

"Umeyapata wapi haya yote?"

"Niliwauliza, Daktari."

"Wenzako huwa hawapati hata nusu."

Alhamisi kamati ilikaa. Walio mafunzoni hawakukaa mezani. Odessa aliwekewa kiti ukutani. Lindqvist, daktari wa upasuaji, alikuwa anafunua ripoti kwa kidole kimoja.

"Mimi nilidhani kifuniko ni kibovu," alisema. "Nilikuwa tayari kuwapa kingine tuanze upya. Lakini hapa nasoma nyumba tatu. Mama usiku hayupo. Dawa zinatolewa kwenye chupa zinawekwa kwenye boksi la mayai. Akishapandikizwa atakuwa na dawa chungu nzima. Tutamtafutia kuku?"

Watu walicheka kidogo, kwa adabu.

"Presha yake ni nzuri," Odessa alisema kutoka ukutani. "Dawa zinamfikia."

Vichwa viligeuka.

"Odessa yuko mafunzoni," Daktari Haverkamp aliwaeleza, akitabasamu.

"Sina ugomvi na mtoto," Lindqvist alisema. "Lakini mwaka jana tumepoteza figo mbili, na mnajua jedwali linatutazamaje. Makazi hayajatulia. Sijasema mimi, imesema ripoti yenu."

"Ripoti haikusema hivyo."

"'Mtoto hulala katika nyumba tatu kila wiki.' Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Ahsante. Tuendelee na anayefuata."

Kwenye korido Odessa alimshika Haverkamp mkono wa koti.

"Daktari, naomba niiandike upya."

"Uandike nini? Uongo?"

"Niandike kwamba sikubaliani."

Haverkamp aliutoa mkono wa Odessa taratibu. "Sikia, binti yangu. Umebakiza miezi miwili. Saa zako nataka kuzisaini, tena kwa moyo mmoja. Usinifanye niiandikie bodi ya leseni kwamba mwanafunzi wangu anapigana na kamati. Ripoti ni bora kabisa. Mwakani nitaitumia kuwafundishia wapya." Alipiga hatua, akageuka. "Na barua ya familia iandike wewe. Ni sehemu ya mafunzo."

Odessa aliandika kwamba Kayleen hataingizwa kwenye orodha, na kwa nini. Haverkamp alifuta sababu, akaweka "kwa wakati huu". Alifuta "samahani". Yaliyobaki yaliwashukuru Bi Stubbs na Kayleen kwa juhudi zao, na kuahidi kwamba hali ya mtoto ingetazamwa tena baada ya nusu mwaka. Mahali pa mirija kifuani mwa Kayleen palikuwa pameshatunga usaha mara mbili tangu Krismasi. Nusu mwaka katika kiti kile ilikuwa nini, wauguzi wote walijua.

Katibu alimletea karatasi ambayo iliambatishwa kwenye kila barua ya hospitali. Ilikuwa na vikatuni vya nyuso zilizopangwa mstari mmoja, kuanzia unaolia hadi unaocheka, na swali juu yake: Tumewahudumiaje? Chora duara. Pamoja nayo kulikuwa na bahasha ndogo ya kujibia, stempu imeshabandikwa.

Odessa alizikunja zote pamoja. Alizitia kwenye bahasha kubwa, akalowesha gundi, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe.

Mkusanya barua alifika mlangoni na toroli lake, akipiga mluzi.

"Ndiyo hii tu, dada?"

"Ndiyo hii tu."

Akaitupia juu ya nyingine, akalisukuma toroli kuelekea kwenye lifti.