Picha Ambayo Norah Hakuisikia

Norah aliamua mwenyewe kwamba picha ya kuwekwa kwenye jeneza lake ipigwe angali hai. Hakutaka, alisema, watu waje kuukata uso wake kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani likiwa bado linaning'inia pembeni. Mazishi ya namna hiyo alikuwa ameyaona mengi. Kisukari kilikuwa kimeshamaliza macho yake na sasa kilikuwa kimehamia kwenye figo. Kila aliporudi kutoka hospitalini kuoshwa damu, uso ulikuwa umevimba, na kila mara ulichukua muda mrefu zaidi kurudi kuwa wake.

"Njooni mnipige picha," aliwaambia watoto wake kwa simu, kila mmoja kivyake. "Nyinyi wawili. Pamoja."

Hilo neno la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Odera na dadake Maurine walikuwa wapiga picha wote wawili, na kazi hiyo Odera ndiye aliyemfundisha mdogo wake, katika harusi na ubatizo wa mitaa ya Huruma na Kiamaiko. Kamera ya Odera ilikuwa DSLR ya zamani, nzito, mpira wa mshikio umebanduka akaubandika tena kwa gundi. Ndani ya kamera kama hizo kuna kioo kidogo ambacho huinuka kila picha inapopigwa, kisha kinarudi chini kwa kishindo. Klap. Watu wa Huruma waliijua sauti hiyo. Odera akiingia kanisani hata aliyefumba macho alijua kwamba amefika.

Kisha Maurine akahamia mtaa wa Tassia, akaanza kupata kazi zake, na akanunua kamera mpya. Hiyo haikuwa na kioo ndani. Ilikuwa nyepesi, ilitafuta jicho la mtu yenyewe na kulifuata popote lilipogeuka, na katika ukumbi wenye giza iliona vizuri kuliko mwenye kuishika. Isitoshe, ilipiga bila sauti yoyote. Mchungaji wa kanisa ambalo Odera alikuwa amelihudumia miaka mingi akamwambia Maurine kwamba kuanzia sasa angependa aje yeye peke yake, kwa sababu ule mlio ulikuwa ukiwakatiza watu maombi. Maurine akakubali. Alikuwa amepanga kumwambia kakake, ila kila siku aliahirisha. Odera akaja Jumapili na begi lake begani, akamkuta dadake ameshaanza kupiga. Alisimama mlangoni hadi wimbo ukaisha, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo walisalimiana tu.

Waliitikia mwito wa mama yao Jumamosi moja asubuhi, katika nyumba ileile ya Huruma walimolelewa. Wakiuru, jirani wa ghorofa ya chini, alikuwa ameshamvalisha Norah gauni la zambarau na kumfunga kilemba. Alimpaka mafuta usoni, akarudi nyuma akamtazama, akasema, "Mama Odera, leo umetoka, umependeza." Halafu akaondoka haraka, akijifanya ameacha sufuria jikoni kwake.

Walimketisha karibu na dirisha. Haikuwa na maana sana, kwa kuwa ukuta wa ghorofa jirani ulikuwa karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono, na mwanga ulioingia pale katikati ulikuwa wa kijivu. Mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko walisikika wakilia kwa mbali.

"Nani yuko wapi?" Norah aliuliza.

"Mimi niko mbele yako," Odera alisema. "Maurine yuko upande wa dirisha."

"Awuor." Ni yeye peke yake aliyemwita binti yake kwa jina hilo la nyumbani. "Mbona hunisalimii?"

"Nilikusalimia pale mlangoni, Mama."

"Ulinisalimia kama mtu wa kanisa. Haya, anza wewe."

Maurine akaanza. Norah alinyoosha shingo na kutabasamu. Akaendelea kutabasamu. Baada ya muda pembe za mdomo zilianza kutetemeka, lakini hakuziachilia.

"Bado?" aliuliza, meno yakiwa yamebanwa.

"Nishapiga, Mama. Nimepiga nyingi."

"Sijasikia kitu."

"Hii haina sauti."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Maurine akaishusha kamera. Katika kazi zake zote hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu walimtazama, wakaona amelishusha lile dude, wakajua imekwisha.

"Iwekee sauti," Odera alisema kwa ukavu. "Si huwa ziko nayo?"

Maurine akatafuta kwenye skrini akaiwasha. Kamera ikatoa mlio mwembamba, kama wa kitu kinachobofywa ndani ya mfuko. Norah akainamisha kichwa asikilize vizuri, kisha akacheka. Ndicho kicheko chake pekee siku hiyo.

"Hiyo ni ya simu. Odera, hebu wewe."

Odera akainua kamera yake. Klap.

Mabega ya mama yao yakashuka. "Ee. Hiyo imenipata."

Kuanzia hapo walienda kwa sauti hiyo. Norah alijipanga, akaupa uso wake heshima aliyoitaka, akangoja kishindo, akapumua. Alijipanga tena. Maurine alizima ule mlio wa bandia akasogea pembeni mwa dirisha. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemhitaji. Odera alipomaliza alisema, "Hapo sawa, Mama. Tumetosheka," akaenda jikoni kumletea maji.

Norah alidhani yuko peke yake, au kwamba walioko hawamtazami. Tabasamu lilimtoka polepole. Mkono wake ukapapasa kilemba, ukashuka shavuni, ukasimama hapo ukiupima ule uvimbe. Kisha aligeuza macho yake yasiyoona kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, na mdomo ukafunguka kidogo. Alikuwa anaogopa. Maurine alikuwa amemwona mama yake akiwa na hasira, akiwa na njaa, akiwa amesimama kando ya kaburi la mumewe bila kutikisika. Akiwa na hofu hakuwahi kumwona. Kidole chake kikabonyeza, na chumbani hakukusikika chochote.

Waliketi kitandani katika chumba cha ndani wakazitazama picha kwenye kompyuta ya Maurine, moja kwa moja kutoka kwenye kadi za kamera, magoti yao yakikaribia kugusana. Za Odera zilikuwa na chengachenga kwenye sehemu za giza, na mbili tatu zilikuwa zimelenga ukingo wa kilemba badala ya jicho, uso ukawa na ukungu. Lakini moja ilikuwa imekaa vizuri: mama mwenye msimamo, anatabasamu kwa mtu anayemfahamu. Za Maurine zilionyesha kila uzi wa gauni na kila kinyweleo, ila katika zote Norah alikuwa na uso wa mtu anayeuliza swali asijibiwe.

Kisha ikafunguka ile ya mwisho.

Odera aliitazama. Akasogeza uso karibu na skrini, akarudi nyuma.

"Hii ulipiga wakati gani?"

"Ulipoenda jikoni."

"Alijua?"

"Hapana."

Odera akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Mimi sijawahi kupiga picha kama hii maisha yangu yote," alisema. Kisha, "Mwambie."

"Nimwambie nini na haoni?"

"Si ndiyo sababu sasa?"

"Mnanong'ona nini huko?" Norah aliita.

Maurine akairudisha kadi kwenye kamera, akatoka nayo, akapiga magoti mbele ya kiti. Alimweleza yote: kwamba alikuwa amebaki dirishani, kwamba alikuwa amepiga moja baada ya Odera kusema wamemaliza.

"Nikoje humo?"

Angeweza kumdanganya. Alifikiria kumwambia amechoka tu. "Unaogopa, Mama."

Mikono ya Norah ilibaki imetulia mapajani.

"Umeiona wewe. Na Odera ameiona?"

"Ameiona."

"Basi inatosha. Ifute."

"Mama, lakini ni wewe kabisa. Hizo nyingine zote—"

"Najua ni mimi. Uso huo nimekaa nao tangu baba yenu afe, usiku nyinyi mmelala, ndio asubuhi muamke mkute mwingine. Sikuuficha miaka yote hiyo ili leo uje kubandikwa ukutani." Alinyoosha mkono. "Na usiniambie umefuta. Hicho chako hakisemi. Nipe kitufe."

Maurine akakichukua kidole cha shahada cha mama yake, akakiweka mahali pake. Norah akabonyeza. Kamera ikauliza kama ana hakika.

"Bado mara moja, Mama. Inauliza."

"Iambie ndiyo," Norah alisema, akabonyeza tena.

Alifariki mwezi uliofuata, asubuhi, akiwa amelala kwenye kitanda cha kuoshea damu hospitalini. Odera ndiye aliyekuwa amemsindikiza. Alikuwa ametoka kumnunulia ndizi, na aliporudi akakuta pazia limevutwa.

Hakuna aliyebishania picha. Ile ya Odera ilichapishwa ikatiwa fremu, na watu waliokuja kuomboleza waliitazama wakasema, "Huyu ndiye Norah." Wakiuru aliifuta vumbi kila jioni bila kuambiwa.

Siku chache kabla ya mazishi Odera alifika Tassia. Hakuwahi kukanyaga nyumba ya dadake. Alisimama katikati ya sebule akitazama picha za maharusi zilizotundikwa, za kazi ambazo zamani zingekuwa zake.

"Kufuta si kufuta," alisema hatimaye. "Unajua hivyo. Kadi ikikaa bila kupigiwa kitu kingine, kuna programu zinarudisha."

"Najua."

"Ile kadi umeitumia tena?"

"Bado."

Maurine alikuwa ameiweka kando siku ileile ya kufuta, kwenye droo ya kitanda, ndani ya kifuko chekundu. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa, akimtazama kakake, alijua ni kwa nini, na aliona aibu.

"Irudishe," Odera alisema. "Sisemi tumwonyeshe mtu. Niitazame mara moja tu."

"Odera."

"Nikifunga macho naiona ile ya kwenye fremu. Anatabasamu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale akatabasamu kwa ajili yangu. Hiyo si picha yake, ni heshima tu. Alikufa mimi nikiwa nje natafuta ndizi, Maurine. Sikuona alikuwa na uso gani." Akamgeukia. "Kama alikuwa na ule, nataka kuujua."

Maurine akatoka akasimama kwenye veranda, katikati ya nguo zilizoanikwa. Kile Odera alichokuwa anakiomba ndicho alichokitaka yeye pia; mara mbili alikuwa ameshaichukua kadi ile akaifikisha hadi kwenye kompyuta, akairudisha kwenye droo. Alirudi ndani.

"Kidole kilikuwa chake," alisema.

"Alikuwa haoni!"

"Alijua anachobonyeza."

Odera akaelekea mlangoni. "Hata lile jambo la kanisa ulilinyamazia hivihivi," alisema. Akaondoka, chai aliyokuwa amemiminiwa ikabaki mezani haijaguswa.

Ibada ilifanyika katika ukumbi wa kanisa lilelile, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kijijini magharibi mwa nchi. Shangazi mmoja alinung'unika kwamba mtoto hapigi picha mama yake akizikwa. Maurine hakubishana naye. Alikuwa amekuja na kamera, na Odera, aliyeketi mstari wa mbele pamoja na familia, alikuwa ameiacha yake nyumbani.

Kabla ya kwaya kuanza Maurine alisimama karibu na jeneza akafungua begi. Akatoa kifuko chekundu. Odera aliona. Macho yao yalikutana juu ya maua, na Maurine akangoja. Kama kakake angesimama, kama angeinua tu mkono, angeirudisha kadi kifukoni na kuchukua nyingine. Odera alishika ukingo wa benchi. Hakusimama.

Akaitia kadi ndani, akafunga kifuniko, akaanza kupiga juu ya ile iliyofutwa.

Alipiga kwaya. Alipiga Wakiuru akilia na leso mdomoni. Alipiga fremu yenye tabasamu, mikono ya wazee, viatu, maua ya plastiki, mchungaji akiwa amefumba macho. Alipiga vitu ambavyo hakuna mtu angevitafuta baadaye. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu hakuna aliyesikia. Maombi yaliendelea bila kukatizwa. Alimpiga Odera pia, mara nyingi, na kila mara Odera alikuwa anamtazama yeye moja kwa moja, kana kwamba anasikia kila picha.

Watu walipoanza kutoka nje, Odera alimjia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kadi imejaa?"

"Imejaa."

Aliitikia kwa kichwa. Ilionekana kama anataka kusema jambo, lakini wanaume waliita kutoka nje kwamba gari limefunguliwa na wanangoja kubeba. Akageuka akaenda kushika upande wa mbele wa jeneza. Maurine akaizima kamera, akaibeba fremu kifuani na kuwafuata.