Mwalimu Aliyesimama Nje ya Zizi

Watu husema tafuta mwalimu anayekujua. Baba yangu aliliamini neno hilo, nami nikaliamini, na siku ile nilipopiga magoti kwenye samadi, zizini kwa mfugaji Mniko, nililichukia kwa moyo wangu wote.

Nilikuwa na stashahada ya mifugo, na miaka mitatu ya kukaa Nyamisangura bila ajira nikimsaidia shangazi kuuza vitenge. Ndipo baba akanipeleka Genkuru kwa mzee Nyangwine, bwana mifugo mstaafu aliyetahiriwa naye msimu mmoja. Mzee alinipokea kama binti yake. Nilimwita Tata, kama ninavyomwita baba aliyenizaa, na sijaona mwalimu kama yeye. Alinifundisha kunusa pumzi ya ng'ombe mgonjwa, na kupapasa tezi chini ya sikio nikaijua ndigana, ile homa ya kupe, mapema. Alinifokea sana, akanisifu mara moja moja, nami nilikuwa na furaha.

Jambo moja tu hakunifundisha. Kila tulipofika penye ng'ombe anayezaa, alikohoa, akachukua fimbo yake, akaenda kukagua malisho. Kwetu Wakurya, mwanamume wa rika la baba yako ni baba yako, na baba hazungumzi habari za uzazi na binti. Ni soni. Nililijua hilo tangu utotoni, baba alilijua, Nyangwine alilijua kutuzidi sote. Watu wazima watatu, na hakuna aliyekumbuka kwamba ng'ombe nao huzaa.

Chuoni tulikuwa darasa zima tukimzunguka ng'ombe mmoja. Nilichokiona mimi ni migongo ya wenzangu.

Mniko ndiye mtu pekee Genkuru aliyekubali niguse mifugo yake. Wengine walisema msichana hana mkono wa kazi hiyo. Asubuhi ile ng'ombe wake mwekundu alikuwa amelala zizini tangu alfajiri, mguu mmoja wa ndama ukichungulia, na wanaume wamejipanga kwenye ua wakingoja nishindwe. Ng'ombe yule akifa, hakuna zizi ambalo lingenifungukia tena. Ningerudi kwenye vitenge mpaka nizeeke.

Niliingiza mkono. Mguu ni huo huo mmoja, kichwa sikipati. Nikavuta, ng'ombe akaguna, hakuna kilichosogea. Nikampigia Atieno, niliyesoma naye, yuko Sirari. Akasema yeye tangu amalize chuo anauza dawa za minyoo dukani, ng'ombe anawaona kwenye lebo tu. Akanipa pole, akakata simu.

Nyangwine alikuwa nje ya zizi. Alikuwa ametupa mgongo, anautazama mlima.

"Tata," nikaita. "Nisaidie."

Hakugeuka. Nikaita tena, nikilia sasa, machozi na makamasi pamoja, na hapo hapo nikaelewa kwamba kila nikisema Tata ninazidi kumfunga mdomo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Mzee Nyangwine," nikasema, na ua wote ukasikia. "Leo mimi si binti yako. Mimi ni afisa mifugo, na kazi siijui."

Wanaume wakainamisha vichwa. Maneno kama hayo hayasemwi.

Nyangwine alikohoa. Kisha, mgongo ukiwa kwetu bado, akasema, "Acha kuvuta. Msukume ndama arudi ndani. Ngoja ng'ombe apumzike, usishindane naye. Kichwa kitakuwa kimepinda ubavuni. Fuata shingo mpaka upate taya."

Nikalipata taya.

"Shika pua kwa kiganja, lete kichwa njiani. Mguu wa pili, funika kwato kwa mkono, usije ukachana mfuko wa uzazi."

Maneno hayo ya mwisho yalimtoka kama mfupa uliokwama kooni.

Ndama alitoka hai, jike. Mniko alicheka kama mtoto, akanifuta uso kwa koti lake mwenyewe. Nilipomtafuta Nyangwine, alishafika mbali kwenye njia ya kwake.

Jioni nilimfuata. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba akitazama udongo.

"Umefanya vizuri," akasema. "Lakini tafuta mwalimu mwingine, mwanangu. Mimi sasa siwezi kukaa na wewe."

Nikamuuliza nani. Yeye, akasema, alifundishwa na mzee wa rika la babu yake. Babu na mjukuu ni watani, walikuwa wakitukanana zizini kutwa nzima, hakuna kilichofichwa. Wazee wa rika la babu yangu tulishawazika wote, na yeye alilijua hilo kama mimi.

Sasa Genkuru wananiita daktari. Jana niliitwa kwa ndama aliyetanguliza mkia, jambo ambalo Nyangwine hakuwahi kunigusia. Niligeuka kutazama nje ya zizi, nikauona mlima peke yake. Kisha nikaingiza mkono, nisijue ninatafuta nini.