Mwanamke wa Kwenye Roketi

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akipiga pindo la sketi ya shule, na mjukuu wake wa chuo amejilaza kwenye kochi akimsomea kitabu cha marehemu babu. Kitabu chenyewe kikuukuu, jalada limegandishwa kwa gundi, habari za roketi iliyokwenda sayari ya mbali na wanaume tele na mwanamke mmoja.

Babu, fundi saa, alimsomea kitabu hicho ndoa yao ikiwa mbichi. Mikono ya Bibi ilikuwa na nguo za watu, basi akasoma kwa masikio.

"'Mwanamke akapiga yowe, akazimia kifuani pa nahodha,'" mjukuu alisoma, kisha akakifunga pap! "Bibi, huyu dada tangu waondoke kazi yake kahawa na kuzimia. Tukafungie karanga hiki!"

"Haraka ya nini, mke mwenzangu? Ataamka. Nguo ya angani ya nahodha itachanika, hewa ianze kuvuja, wanaume wabaki midomo wazi. Hapo ndipo anapoingia na sindano yake."

Kwa Bibi hilo halikuwa jambo dogo. Siku alipoogopa kufungua kibanda chake cha cherehani, majirani wakimcheka, alijiambia: mwenzangu kashona angani, mimi nishindwe barabarani? Akafungua.

Mjukuu akaendelea kwa shingo upande. Nguo ikachanika kweli. Bibi akaweka sketi chini.

"'Nahodha akauziba mpasuko kwa kiganja chake imara, akamwamuru mwanamke arudi jikoni.'"

"Umeruka ukurasa."

"Sijaruka, Bibi."

"Basi ukurasa umenyofoka. Tazama namba."

Namba zilifuatana zote. Bibi akakichukua kitabu, akakishika mbali na macho, akaufuata mstari kwa kidole, neno kwa neno. Hakuna sindano. Hakuna mishono ya karibu karibu, wala uzi uliopakwa nta usipitishe hewa. Moyo ukamshuka. Miaka yote hiyo kamwegemea mtu asiyekuwepo?

Halafu mawazo yake yakaishia kwenye ile nta. Nyumbani mle, nani mwingine isipokuwa yeye aliyekuwa akipaka uzi nta?

"Ah, mzee yule!" Akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Kumbe alikuwa ananiongezea, tena uso mkavu! Kila akimfikia huyo mwanamke alikuwa anakohoa kwanza. Mimi nikadhani vumbi la kitabu."

Mjukuu akaketi wima. "Alikuwa anatunga? Babu yetu huyu huyu, mtu wa maneno mawili kwa siku?"

"Huyo huyo. Mwanamke ni mimi, mama, nilipelekwa angani bila kujua!"

"Na kahawa, kwenye hadithi ya Babu, alipika nani?"

"Nahodha. Chungu kama shubiri, wakamkataza."

Mjukuu alicheka akajipigapiga paja. Bibi akamrudishia kitabu, akaokota sketi yake, akatafuta pale alipoachia pindo.

"Haya, soma tumalize. Na huyo mama usimwache jikoni, ana kazi."

Mjukuu akafungua ukurasa, akautazama kidogo, akakohoa.

"'Mwanamke akatoka jikoni na sindano mkononi,'" alisoma polepole, "'akamwambia nahodha: Baba, sogea huko, unanizibia mwanga.'"

"Eeh," Bibi akasema, akivuta uzi. "Huyo sasa namjua."