Mfuko wa Begeli

Tulirudi kutoka makaburini saa nane mchana. Kwa desturi yetu sisi Wayahudi, chakula cha kwanza cha mfiwa baada ya mazishi lazima kiletwe na wengine. Mama alikuwa hajala tangu jana asubuhi. Jikoni mlikuwa na begeli kumi na mbili, mikate ya duara aliyoinunua Baba siku mbili kabla ya kufa, lakini hizo, kwa kuwa zilikuwa za nyumbani, hakuruhusiwa kuzigusa.

Baba mdogo Irving, anayeishi Filadelfia, alitaka tuagize hogi, mikate mirefu yenye nyama.

"Hogi ndiyo nini? Hapa Yonkers inaitwa weji," alisema shangazi Roz. "Halafu mfiwa hula kitu cha duara, maana maisha ni mzunguko. Nenda Bronksi hapo jirani kanunue begeli."

"Za Bronksi ni ngumu kama mpira, dada. Begeli ni za Bruklini."

"Bruklini, na foleni ile ya magari? Utarudi matanga yamekwisha!"

Saa kumi walikuwa bado wanabishana. Mama aliwatazama kama mtu anayetazama televisheni isiyo na sauti. Mimi pia sikuhisi kitu.

Nilimpa jirani yetu, Dolores, aliyekuwa jikoni, mfuko wa begeli za Baba. "Chukua, ni zako sasa," nilimwambia. Alielewa. Alitoka nazo kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akapiga kengele ya mbele.

"Pole, Estelle," alimwambia Mama. "Nimekuletea chakula."

Mama alikula nusu begeli. "Zimekauka," alisema, kisha akala nusu iliyobaki.