Chokaa ya Mzee Lupakisyo

Kila Mwalimu Tumwagile anapofuta ubao mweupe wa siku hizi, hucheka peke yake, na wanafunzi hudhani mama keshaanza kuzeeka. Wangejua! Kimamba ilikuwa na ubao mweupe kabla Dar es Salaam haijauota.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipowaachia wananchi kujifungulia shule. Wazazi walijichanga, ghala la mkonge lililoachiwa popo likageuzwa sekondari. Ikabaki namba ya usajili tu. Wakaguzi wakisema hapana, watoto wasingefanya mtihani wa taifa. Wangerudi kuchunga ng'ombe Tindiga, na aljebra yao kichwani.

Jioni ya kuamkia ukaguzi, baba yake Tumwagile, Mzee Lupakisyo, nyapara mstaafu wa shamba, aliwakusanya wazee wenzake. Enzi zao, mkubwa wa shamba akitarajiwa, kila kilichosimama kilipakwa chokaa: mawe, miti, nguzo. Basi wakapaka. Asubuhi Tumwagile aliingia darasani, akashika kichwa.

"Baba! Ubao uko wapi?"

"Lile doa jeusi ukutani? Bishi lile! Tumelipiga chokaa mkono juu ya mkono mpaka likanyamaza."

Nje gari likapiga honi.

Mkaguzi, Mama Hildegarda, aliitikia marahaba bila kutabasamu. Akakagua vyoo, akatikisa madawati, mwisho akasimama mbele ya ukuta mweupe pee.

"Mwalimu, hapa mnaandika kwa ulimi?"

Tumwagile machozi yalimlengalenga. Akakimbilia jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akaandika hesabu ukutani, tarakimu nene kama magogo. Mikono ya watoto ikapaa. Mlangoni, Mzee Lupakisyo naye akanyoosha wake.

"Shikamoo baba. Nawe unalo jibu?" mkaguzi akamuuliza.

"Marahaba. Sina, mama. Nina kosa. Ubao nimeupaka mimi, mwalimu hana hatia. Tulijua anakuja mkubwa."

Mama Hildegarda akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Wakubwa wenu waliwazoesha vibaya, baba. Mimi nimekuja kuwaona watoto." Akamgeukia mtoto wa dawati la mbele. "Haya, jibu."

Namba ilitoka kabla ya masika.

Sasa mzee amelala ng'ambo ya reli. Kila mwaka Tumwagile hulipaka kaburi lake chokaa, msalaba na vyote, mkono juu ya mkono, mpaka jina halisomeki.