Ukanda wa Sweta Jekundu

Hezron alikuwa mtu wa kutembea na mbwa wake, na pale kijijini Isansa hilo tu lilitosha kumfanya achekwe. Kwa wengine mbwa ni mlinzi, anakula makombo na kulala nje, basi. Yeye kila asubuhi ya msimu wa baridi, ukungu ukiwa bado umeikalia migomba, alivaa koti, akachukua fimbo, akapiga mluzi, na Chonjo akatoka jikoni akijinyoosha. Walizunguka shamba la kahawa, wakateremka hadi kijitoni, wakapanda ng'ambo kwenye nyasi zenye umande wa kufisha ganzi vidole, ndipo wakarudi nyumbani. Hezron alikunywa chai, Chonjo akapewa ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye chai hiyohiyo. Tabita, mkewe, aliupigia kelele ufujaji huo mwaka mzima, na Hezron asipokuwepo aliufanya yeye mwenyewe.

Watoto walikuwa wameshajitegemea. Luka, kifungua mimba, alikuwa Tunduma anauza vitenge mpakani. Nyumba ilibaki na wazee wawili na mbwa wa rangi ya kahawia. Jioni wote watatu waliuzunguka moto. Visigino vya Tabita vilipasuka kila baridi ilipoingia, vikapasuka hadi damu, kwa hiyo alivipaka mafuta ya mgando na kuinyoosha miguu karibu na mafiga. Chonjo alikuja akayalamba mafuta taratibu, ufa baada ya ufa. "Toka hapa, mjinga wewe," Tabita alisema, na miguu hakuiondoa.

Jumapili mbwa huyo alimfuata kanisani. Tabita aligeuka njiani, akainama, akaokota jiwe. Chonjo alikaa chini kwa adabu zote. Tabita akianza kutembea, naye akaanza kutembea. Jiwe lenyewe halikurushwa hata mara moja.

Mwishoni mwa Mei bwana mifugo, kijana aitwaye Wiliam, alitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Kila mbwa aliyechanjwa angefungwa ukanda mwekundu shingoni. Sasa Hezron, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika, alikuwa na imani moja ambayo hakuitoa kwenye Biblia: mbwa akichomwa sindano anapoa. Anakuwa mzito, anasinzia, mwizi anamruka kama gogo. Hakuwa peke yake katika upuuzi huo. Na kahawa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuanikwa kwenye vichanja, na wezi walijua kutembea na ukungu kuliko wenye mali. Mbwa aliyepoa angemsaidia nini?

Lakini Tabita alitaka Chonjo achanjwe, na Tabita akitaka jambo hapakuwa na mjadala. Basi Hezron akasema anampeleka. Akafungua kiroba cha nguo kuukuu, akatoa sweta jekundu ambalo mkewe alilivaa zamani akiwa kwenye kwaya, lililotoboka viwiko, akakata ukanda kwenye pindo la chini na kuutia mfukoni. Alifurahia ujanja wake kama mtoto. Badala ya kwenda ofisi ya kijiji, akashika njia ya kuelekea kijiji cha Hasamba.

Yalikuwa matembezi mazuri, na jambo hilo lilikuja kumuuma baadaye. Ukungu ulikuwa mzito, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukauka yalinong'ona pande zote mbili, na Chonjo alitangulia akinusa kila kichuguu. Ghafla mbwa mgeni akatokea mbele yao. Hakubweka. Alikuja moja kwa moja akiwa ameinamisha kichwa, denda likimning'inia, akamng'ata Chonjo sikio, akapigwa fimbo, akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hezron aliliosha sikio kwa maji ya kijito. Kisha akamfunga Chonjo ule ukanda shingoni, akakaza fundo vizuri, wakarudi.

"Amelia?" Tabita aliuliza, akimpapasa mbwa kichwani.

"Hata kidogo. Huyu ni mwanaume."

"Na hili sikio?"

"Wamegombana huko kwenye foleni."

Mwezi wa Juni ulipita hivyo: kuchuma, kukoboa, kuanika, na jioni miguu ya Tabita karibu na moto. Ilipokaribia Julai Chonjo alikataa ukoko wake. Siku ya pili alijificha nyuma ya mtungi akawa anangurumia ukuta. Siku ya tatu alitoka mate mengi, akatafuna nguzo ya kichanja hadi meno yakatoka damu, akampita Hezron bila kumjua. Vijana wa jirani walimmaliza kwa marungu kwenye mabua ya mahindi. Hezron alisimama pembeni akilia waziwazi, na safari hii hakuna aliyemcheka.

Wiliam alikuja akautazama mzoga kwa mbali, akakataza mtu yeyote asiuguse kwa mikono. "Alichanjwa huyu?"

Hezron alifungua mdomo. Tabita akamuwahi. "Si unaona ukanda, mwanangu? Baba Luka alimleta mwenyewe."

Ukanda ulikuwa umelowa damu na matope, na siku ya chanjo Wiliam alikuwa amechanja mbwa wa vijiji vitatu. Alitikisa kichwa. "Basi labda ni sumu. Wezi wa kahawa wanatega nyama siku hizi. Ila nisikilizeni wote. Kama kuna mbwa ambaye hakuchanjwa, na amemng'ata mtu, au amemlamba penye kidonda, huyo mtu aoshe kwa sabuni na aende hospitali leo. Sindano zipo na zinasaidia. Akingoja mpaka pale mate yalipoingilia paanze kuwasha, hapo hata daktari hana la kufanya. Atakaa naye tu."

Tabita akacheka. "Mimi amenilamba visigino msimu mzima! Bahati yangu nina mume anayesikia."

Watu wakacheka naye. Hezron akakohoa, akatazama chini. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja pale, sentensi fupi kabisa, lakini wazee wenzake wa kanisa walikuwa wamesimama hapo, na vijana wenye marungu, na Wiliam ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Nitamwambia tukiwa wawili, alijisemea. Akachukua jembe akaenda kumzika mbwa wake.

Wakawa wawili. Jioni ile Tabita aliinyoosha miguu motoni, akasema anamkumbuka yule mjinga.

"Mama Luka," Hezron alianza.

"Abee."

"Ile kahawa ya kichanja cha juu imekauka."

Aliogopa. Tusimpambe kwa neno lingine. Aliogopa aibu kuliko alivyoogopa kifo cha mkewe, kwa sababu aibu aliiona na kifo hakukiona. Alimwangalia Tabita akiwa anabeba kuni, anapika, anaimba, akaona mtu mzima mwenye afya. Mipasuko ikaziba. Akaanza kumshukuru Mungu katika sala za asubuhi kwa jambo ambalo hakulitaja, na Tabita aliitikia amina bila kujua anaitikia nini. Matembezi aliyaacha. Fimbo ilibaki imeegeshwa mlangoni.

Mwanzoni mwa Agosti, watu walipodhani baridi imekwisha, ilirudi na upepo. Sweta zuri la Tabita lilikuwa limelowa kambani, kwa hiyo asubuhi hiyo alikwenda kwenye kiroba cha nguo kuukuu. Hezron alikuwa uani akigeuza kahawa. Alimsikia akitoka, kisha hakumsikia tena, na ukimya huo ukamfanya ageuke.

Tabita alikuwa amesimama mlangoni ameshika sweta jekundu kwa mikono miwili. Pindo la chini lilikuwa limekatwa, limenyooka, mbele na nyuma.

"Baba Luka, hili limekatwa."

"Panya hao."

"Panya hawana kisu."

Alilitazama sweta. Akatazama kwenye mabua, mahali Chonjo alipouawa. Hezron aliona akili ya mkewe ikitembea, hatua kwa hatua, na hakuwa na chochote cha kuweka njiani kuizuia.

"Ulimfunga sweta langu," Tabita alisema. "Hukumpeleka."

Hapo akasema yote: sindano na kupoa, njia ya Hasamba, mbwa mgeni mwenye denda. Maneno yaliyokaa tumboni wiki zote hizo yalitoka haraka, na alipomaliza hayakumpunguzia uzito wowote.

Tabita alikuwa amekaa kizingitini. "Siku ile bwana mifugo anaeleza habari za kulambwa, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Niliposema nina mume anayesikia?"

"Nilikuwepo, mke wangu."

"Watu wakacheka."

Hezron alitamani mkewe apige kelele, amtukane, amrushie hata chungu. Tabita alivaa lile sweta lisilo na pindo, akajifunga kitenge, akachukua viatu vyake vya kanisani.

"Nakwenda Vwawa hospitali."

"Ngoja nimpigie mwenye pikipiki. Nakuja na wewe."

"Usije na mimi."

Akashika njia ya kwenda barabara kuu. Ukungu ulikuwa chini kabisa, na sweta lile lilikuwa kitu pekee chenye rangi. Hezron alichukua koti, akaiacha fimbo, akamfuata. Hakuthubutu kumkaribia. Tabita alipopunguza mwendo, alipunguza. Alipoongeza, aliongeza. Njiani waliwapita wachuma kahawa waliosalimia, "Mwamkaje, wazee," na wote wawili wakaitikia kila mmoja kwa wakati wake. Hezron alihesabu rehema alizozijua: sindano zipo, Wiliam alisema zinasaidia, mkewe anatembea vizuri, hana homa, asubuhi amekunywa chai yake yote. Bado hawajachelewa. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo hadi likawa kama wimbo.

Karibu na kona ya kanisa Tabita alisimama. Akageuka kidogo, akainama, mkono ukashuka chini kwenye mawe ya njia.

Hezron naye alisimama. Anaokota jiwe, alifikiri, na moyo wake ukajaa kitu kilichokaribia furaha. Na alirushe. Safari hii alirushe, limpate kichwani, angalau atakuwa amemtazama.

Lakini Tabita hakuokota jiwe. Alivua kiatu cha kulia, akajishika kwenye mti wa uzio kwa mkono mmoja, akaanza kujikuna kisigino. Alikikuna kwa muda mrefu, kwa nguvu, kwa kucha zote.