Ufito Usawa wa Kidevu

Daktari alimruhusu binti kurudi michezoni, mwaka mmoja baada ya kumtia vyuma mgongoni ili kunyoosha uti uliopinda. Kocha naye akasema nafasi yake katika timu ya kuruka juu ipo, mradi aruke kimo chake cha zamani, usawa wa kidevu. Basi yeye na mama yake wakatandika magodoro uani, wakasimika nguzo mbili zenye matundu ya kupachikia ufito, wajaribu.

"Mama, weka ufito usawa wa kidevu changu."

"Kidevu kipi? Tangu wakunyooshe umekuwa mlingoti."

Binti akacheka, akachuchumaa, mgongo wima, kufunga viatu. Mama akaushusha ufito matundu mawili, kimyakimya.

Binti alikimbia vizuri, akaruka vizuri. Lakini mgongo ambao zamani ulijikunja hewani kama upinde sasa ulipita mkavu kama ubao, ufito ukaanguka. Mara tatu.

Akabaki chali godoroni. "Uliushusha, sivyo?"

Mama hakuwa mtu wa kupaka maneno mafuta. Leo alitafuta uongo, akaukosa.

"Matundu mawili."

Binti akaitikia kwa kichwa. Akainuka polepole, akaokota ufito, akamkabidhi. "Utafaa kuanikia nguo, mama."

Mama akaupokea kwa mikono miwili.